Mwarobaini Uanzie Kitaluni: Mazungumzo kuhusu Minyoo Fundo ya Nyanya

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa kilimo kwa wakulima wa nyanya, Kaunti Ndogo ya Taveta. Maswali na majibu ya mwisho yamefupishwa.



Kabla ya maneno mengi, mche huu wa nyanya upitishwe mkono kwa mkono. Umeng'olewa asubuhi ya leo katika shamba lisilo mbali na hapa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Tazameni juu kwanza. Majani yana umanjano, shina ni fupi, na matunda ni matatu tu, madogo kama ndimu. Jua la saa saba mche huu hulala kana kwamba haujamwagiwa maji, jioni ukainuka tena. Anayetazama juu peke yake atasema umekosa mbolea, na ndivyo mwenye shamba alivyodhani. Alinyunyizia mbolea ya majani mara mbili na dawa ya ukungu mara nne. Pesa hizo zote ziliishia kwenye majani.

Sasa ugeuzeni mtazame mizizi. Imevimba mafundo mafundo kama tangawizi. Hayo mafundo ndiyo habari ya leo.

Mdudu mwenyewe si mdudu. Ni mnyoo mdogo sana, na wataalamu humwita nematodi. Anapoanguliwa hana hata urefu wa nusu milimita, kwa hivyo jicho halimwoni. Hupenya karibu na ncha ya mzizi, akatulia ndani, na kuulazimisha mche kumtengenezea seli kubwa kubwa za kumlisha. Jike akishakaa hapo hatembei tena. Hunenepa hadi akafanana na kibuyu kidogo, kisha hutaga mamia ya mayai ndani ya utando wa ute. Katika udongo wenye joto kama huu wa Taveta, kutoka yai hadi jike anayetaga ni kama mwezi mmoja. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu au minne. Mkulima na apige hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vinavyopita kabla ya kreti la mwisho kwenda Kongowea.

Huo utando wa ute ukumbukwe, kwa sababu maelezo mengi yanayofuata yanauhusu. Mayai yaliyomo ndani yake yamefunikwa, nayo mengi yamo ndani ya fundo au yamelishikilia. Dawa inayomwagwa juu ya udongo, iwe ya dukani au ya majani, humkuta kwa urahisi mnyoo mchanga anayetembea katika unyevu akitafuta mzizi. Jike aliyekwisha kufunga mlango na mayai yake, dawa humfikia kwa shida kubwa.

Si kila nyanya inayonyauka ina minyoo. Mnyauko wa bakteria nao upo, na huua haraka zaidi. Mche hulala ukiwa bado wa kijani na hauamki. Ukishuku, kata kipande cha shina la chini, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, hiyo ni bakteria. Mizizi ikiwa na mafundo, ni minyoo. Mara nyingine vyote viwili vipo pamoja, kwa maana mnyoo hutoboa mzizi na bakteria hupitia tundu hilo hilo. Na wale wanaopanda maharagwe wasichanganye: vinundu vya maharagwe hubanduka kwa ukucha na ndani vina wekundu, navyo ni vya faida. Fundo la minyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Wazee wanakumbuka kwamba zamani jibu lilikuwa la dukani na lilikuwa kali. Ilikuwepo gesi ya methili bromidi, iliyoua kila kilichomo udongoni. Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni uliifikisha kikomo katika nchi zinazoendelea mwaka 2015, isipokuwa kwa kazi chache maalumu. Ilikuwepo pia dawa ya chembechembe ya carbofuran. Hapa kwetu, jirani na Tsavo, habari zake hazihitaji kusimuliwa sana: watu waliitia kwenye mizoga, ikaua simba na tai, na kwa sababu ya kelele hizo iliondolewa katika maduka ya Kenya mwaka 2009. Dawa mpya za minyoo zipo, lakini bei yake haiangalii mkulima wa robo ekari. Ndiyo maana watu wamerudi kuuliza juu ya miti.

Jibu fupi ni kwamba miti inafanya kazi. Jibu refu ni kwamba inafanya kazi mahali fulani na wakati fulani, na wengi wetu tunaitumia mahali pengine na wakati mwingine.

Mwarobaini ndio wa kwanza kutajwa, na ni haki yake. Kutoka Voi hadi Taveta umejaa, na mbegu zake huoza chini ya mti bila mtu kuziokota. Ndani ya kiini cha mbegu mna kemikali iitwayo azadirachtini pamoja na ndugu zake kadhaa. Hizo huyafanya mayai mengi yasianguliwe na huwachosha minyoo wachanga wasiufikie mzizi. Majani nayo yanazo, lakini kidogo kuliko mbegu, kwa hivyo anayetumia majani huhitaji mzigo mkubwa kupata nguvu ile ile.

Kutengeneza si kazi ngumu, ila ina miiko yake. Matunda yaokotwe yakiwa yameiva manjano, yapondwe kuondoa nyama, na mbegu zikaushwe kivulini mahali penye hewa. Jua kali huua dawa, na mbegu iliyoota ukungu haifai, itupwe. Ganda likibanduliwa, viini vitwangwe kwenye kinu. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 50 za unga wa viini kwa kila lita 1 ya maji, yaani kilo 1 kwa lita 20. Uachwe ulale usiku mmoja, uchujwe kwa kitambaa, na utumike siku hiyo hiyo jioni. Usichemshwe. Usiwekwe kwenye jerikeni mpaka wiki ijayo ukidhani bado ni dawa; utakuwa umebaki maji machungu.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo mambo hukwama.

Ekari moja ya nyanya, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, huchukua miche kama 9,000. Mkulima akiamua kumwagilia kila shimo robo lita ya maji ya mwarobaini, atahitaji lita 2,250. Kwa kipimo cha gramu 50, hizo ni zaidi ya kilo 112 za viini vilivyomenywa na kutwangwa, kwa mara moja tu. Akirudia mara tatu ni zaidi ya kilo 330. Nani ana kinu hicho, na nani ana mikono hiyo? Kinachotokea ni kwamba mtu hupunguza. Hutwanga kilo 5, akazitia kwenye mapipa ya maji, akamwaga shamba zima, kisha akasema mwarobaini ni uongo. Kumbe alichomwaga kilikuwa karibu maji matupu.

Weka hesabu hiyo kando ya hii nyingine. Miche ya ekari nzima hulelewa kwenye kitalu cha mita za mraba 20 hivi, na wengine hutumia pungufu ya hapo. Kumwagilia kitalu hicho lita 5 kwa kila mita ya mraba ni lita 100. Hizo ni kilo 5 tu za viini. Mama mmoja na watoto wake wanazitwanga Jumamosi moja wakamaliza.

Hilo ndilo neno kubwa la leo. Jina la mwarobaini ladai magonjwa arobaini, lakini nyanya iliyokwisha kufungwa mafundo haimo katika hesabu hiyo. Mwarobaini humlinda mche ambao bado haujaguswa, na mche wa hivyo uko kitaluni. Mche ukitoka kitaluni na mzizi safi ukapata majuma manne au matano ya kukua bila kushambuliwa sana, huwa na mizizi mingi na huvumilia. Mche unaotoka kitaluni tayari na fundo moja umebeba mbegu ya ugonjwa na kuipanda shambani kwa mkono wa mkulima mwenyewe. Katika pitapita za mashambani, miche inayonunuliwa kando ya barabara imeonekana mara nyingi ikiwa nayo. Anayenunua asione haya kuomba kung'oa miwili mitatu na kuosha mizizi mbele ya muuzaji.

Kitalu basi kitengenezwe hivi. Kichaguliwe mahali ambapo nyanya, bilinganya, pilipili wala mnavu havijakaa karibuni. Mnavu ni mboga tamu, lakini ni nyumba ya minyoo hii. Udongo ulimwe, ulowanishwe, ufunikwe na karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, kingo zikandamizwe kwa udongo, na jua la Taveta liachwe lifanye kazi majuma manne hadi sita. Kaunti nyingine hazina jua la namna hii, nasi tunalilalamikia bure. Nailoni ikiondolewa, maji ya mwarobaini yamwagwe, na udongo upumzike wiki moja kabla ya kusia mbegu. Miche ikifika majuma matatu imwagiliwe tena, kwa kipimo chepesi cha nusu. Kabla ya hapo pajaribiwe kwenye miche kumi, kwa sababu mwarobaini mkali huunguza mizizi michanga. Maji ya kitalu yatoke kisimani au chemchemini, si mwisho wa mfereji. Sababu yake itakuja.

Shambani, wale wenye uwezo wa kupata makapi ya mwarobaini, yaani yale mabaki baada ya kukamuliwa mafuta, wana bahati. Konzi moja au mbili kwenye shimo, ikachanganywa na udongo na kuachwa wiki mbili kabla ya kupandikiza, hudumu kuliko maji na huongeza naitrojeni. Asiye nayo asihangaike na ekari yote. Minyoo haikai shamba zima sawasawa, hukaa kwa mabaka. Mwisho wa msimu, badala ya kuacha mashina yakauke yakisimama, yang'olewe moja moja na mizizi itazamwe. Palipo na mafundo pachomekwe kijiti. Msimu ujao mwarobaini uende kwenye vijiti. Mizizi yenyewe itolewe shambani, ikaushwe juani na kuchomwa. Mzizi ulioachwa ardhini huendelea kutunza mayai hata kama shina limekufa, na hili pekee lingefuatwa, kazi ingepungua nusu.

Mmea wa pili ni lile ua la rangi ya chungwa lenye harufu kali, Tagetes, ambalo ndugu yake wa mwituni watu wa bara humwita mubangi. Hapa kuna kosa linalorudiwa. Watu huchuma majani, wakayatwanga na kuyamwaga. Nguvu kubwa ya Tagetes dhidi ya minyoo iko kwenye mizizi iliyo hai. Mnyoo anapoingia katika mzizi huo hukutana na sumu iitwayo alfa-tertieni, akafa au akashindwa kukua. Kwa hivyo faida yake hupatikana ikipandwa peke yake, imejaa shamba, kwa miezi miwili au zaidi kabla ya nyanya, magugu yaking'olewa ili minyoo isipate pa kujificha. Kuipanda mstari mmoja mmoja katikati ya nyanya hupendeza macho, lakini nyanya inaendelea kuliwa.

Mabaki ya kabichi na sukuma wiki nayo yana kazi. Yakikatwakatwa mabichi na kufukiwa kwenye udongo wenye unyevu, hutoa gesi kali, jamaa ya ile inayotoka kwenye haradali ikakupanda puani. Yafunikwe kwa nailoni na pasubiriwe majuma mawili hadi matatu. Ila sukuma wiki iliyo hai yenyewe hulisha minyoo, kwa hivyo isiachwe izeeke shambani kwa jina la dawa.

Kitunguu saumu kina nguvu, na huko ng'ambo kuna dawa za minyoo zinazouzwa zilizotengenezwa nacho. Kwa bei ya saumu sokoni, mkulima afadhali aile. Mbegu za papai, majani ya lantana na ya alizeti pori vimeonyesha kuua minyoo katika majaribio, na aliye navyo bure anaweza kuvitia kwenye mboji. Mbarika pia hutajwa, lakini mbegu zake zina sumu ya risini, mbaya kwa watu na mifugo. Asizitwange mtu kwenye kinu cha chakula. Na tumbaku isikaribie nyanya kabisa. Maji ya tumbaku ni sumu kwa anayeyashika, tena tumbaku hubeba virusi vinavyoshambulia nyanya. Utakuwa umefukuza mnyoo ukakaribisha kirusi.

Watakaosoma magazeti wataona mara kwa mara kwamba mmea fulani umeua minyoo karibu yote. Waulize umeulia wapi. Ndani ya kisahani cha kioo cha maabara, mnyoo ameogelea katika dawa siku nzima hana pa kukimbilia. Shambani dawa ile ile hunyonywa na udongo, huchanganyika na maji, hulika na vijidudu vingine, na ndani ya siku chache imekwisha. Maabara haijasema uongo. Inasema mmea una sumu. Haisemi shamba litapona.

Mkulima anaweza kufanya maabara yake nyumbani kwa mikebe mitatu, na ni vizuri afanye kabla ya kutumia shilingi moja. Achukue udongo kutoka sehemu mbalimbali za shamba, kina cha jembe, auchanganye. Mkebe wa kwanza autie udongo huo kama ulivyo. Wa pili autie udongo ule ule uliomwagiliwa maji ya mwarobaini wiki moja kabla. Wa tatu autie udongo uliolowanishwa na kupikwa kwenye sufuria kuukuu mpaka ukatoa mvuke, kisha ukapoa. Kila mkebe upandwe mche mmoja safi. Baada ya majuma matano miche itolewe, mizizi ioshwe na mafundo yahesabiwe. Mkebe wa kwanza ukiwa hauna fundo, shamba halina shida kubwa, na mwenye duka asikushawishi. Ukiwa nayo mengi na wa pili machache, mwarobaini wako ulitengenezwa vizuri. Ikiwa yako sawa, rudi kwenye kinu.

Upande wa mbegu, pakiti isomwe. Baadhi zina herufi baada ya jina: V na F ni kinga ya magonjwa mawili ya ukungu, na N ni kinga ya nematodi. Cal J, iliyozoeleka sana nchini, ina V na F lakini haina N. Mbegu yenye N husaidia sana, ila ina udhaifu mmoja unaotuhusu sisi wa nchi ya chini: udongo ukizidi joto la nyuzi 28, kinga hiyo hulegea. Matandazo ya nyasi kavu hupoza udongo, na ni bure.

Mazao ya kubadilishana yachaguliwe kwa akili. Kutoka nyanya kwenda bilinganya, pilipili, bamia, tikiti au tango ni kumhamisha mgeni chumba katika nyumba ile ile. Hata migomba, ambayo wengi hapa hudhani inapumzisha shamba, hulisha minyoo hii. Vitunguu na nyasi za malisho haziwapendezi sana. Samadi iliyooza vizuri iongezwe kila msimu, kwa maana huzidisha viumbe wadogo wanaowala minyoo.

MASWALI

Mzee mmoja wa Mboghoni alisema: "Mwanangu, umesema vizuri, lakini mimi nimemwaga mwarobaini mara tatu na nyanya zimekufa vile vile."

Aliulizwa, "Shikamoo mzee. Ulianza kumwaga lini?" Akasema alianza alipoona majani yanageuka manjano. Alijibiwa kwamba wakati huo mizizi ilikuwa imejaa tayari, na hata dawa ya dukani ingemshinda. Kwa zao lile, kilichobaki kilikuwa kuinulia udongo kwenye shina ili mche utoe mizizi mipya juu, kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi, kuvuna kilichopo mapema na kung'oa. Mzee alisema hilo la kuinua udongo alilifanya na alipata kreti kadhaa. Alishauriwa awaonyeshe wenzake, kwani amefanya la maana kuliko mwarobaini ule.

Mama mmoja anayekodi nusu ekari aliuliza swali lililowanyamazisha watu. "Afisa, shamba si langu. Nimekodi msimu mmoja. Nikipanda hayo maua miezi miwili, kodi inaliwa na maua. Na nikilisafisha shamba, mwenyewe mwaka ujao atampa mwingine. Mimi nafanyaje?"

Jibu halikuwa la kumfurahisha. Kwa kodi ya msimu mmoja, maua hayamfai. Anachoweza ni kuomba udongo wa shamba kabla ya kulipa, autie kwenye mikebe, na akiona mafundo atafute shamba jingine au apunguziwe kodi. Kitalu kiwe nyumbani kwake mwenyewe, ambako kazi yake haitachukuliwa na mtu. Kisha wenye mashamba waliokuwepo wakaambiwa neno: shamba linalokodishwa kwa nyanya mfululizo, kila mpangaji akiacha mizizi ndani, litafika mahali lisikodishike. Mwenye shamba anayetoa kodi ya misimu mitatu kwa masharti ya kung'oa mizizi na kupumzisha udongo msimu mmoja anailinda mali yake kuliko yule anayekimbilia pesa ya msimu. Baba mmoja alisema hatapumzisha shamba na karo inadaiwa. Hakubishiwa. Alielezwa kwamba msimu wa malisho nao huuzwa, kwa mzigo, kwa wenye ng'ombe.

Kijana mmoja alitaka kujua kama anaweza kutengeneza maji ya mwarobaini na kuyauza kwenye chupa. Aliambiwa kutengeneza kwa ajili ya shamba lake hakuna shida. Kuuza kama dawa ya wadudu ni jambo jingine: Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, inataka bidhaa isajiliwe kwanza na bodi husika, hata kama imetoka kwenye mti wa nyumbani. Tena maji hayo hufa upesi, na mteja akinunua chupa ya juzi atamlaumu. Ila anaweza kufikiria kuuza mbegu za mwarobaini zilizokaushwa vizuri kwa kilo, na kwa hesabu ya kilo 5 kwa kitalu, wanunuzi wapo. Kijana aliandika namba hiyo mkononi.

Wa mwisho alikuwa msimamizi wa mfereji. Alisema maji haya yanatoka Kilimanjaro chini kwa chini, yanatokeza chemchemini yakiwa safi, lakini yakifika shamba la kumi yamekwisha kupita katika mashamba tisa. Je, minyoo haiji nayo?

Inakuja. Maji yenyewe hayana kosa, ila kila tone linalotoka shamba lenye mafundo na kurudi mferejini hubeba udongo, na udongo hubeba mayai. Waliokubaliana kuanza nalo ni mambo matatu: mtu asioshe miche wala jembe ndani ya mfereji, maji ya ziada ya shamba yaishie kwenye shimo au kwenye migomba ya mpakani, yasirudishwe, na mizizi iliyong'olewa isitupwe ukingoni. Msimamizi aliuliza nani atamkataza mtu wa juu, ambaye maji humfikia kwanza na hajali wa chini. Ilibidi wajibu wenyewe. Walikubaliana kwamba kikundi cha mfereji kichukue udongo wa mashamba matatu ya juu na matatu ya chini, mikebe iwekwe nyumbani kwa katibu, na mizizi ioshwe mbele ya wote baada ya majuma matano.